Vumbi la Nyumba ya Bimkubwa

Rafiki yangu Lenah, mhudumu wa hoteli Diani, haya yalimkuta mwaka wa tisini na nane, alipopanga chumba Msambweni kwa mjane aitwaye Bimkubwa, aliyefiwa na mwanawe mchanga humo ndani.

"Vumbi la humu usilifagie kavu, mwanangu," mjane alimwambia. "Linyunyizie maji kwanza, lilale."

"Sawa, mama," Lenah alijibu, lakini alikuwa na haraka. Alifunga madirisha ya mbao upepo usimrudishie taka, akafagia kavu.

Gizani vumbi lilipaa, zito, lenye mafuta, likinuka kama kinywa cha mtu aliyelala njaa. Lilimjaa mdomoni. Kitu kikaanza kukwaruza ukutani, taratibu, kama kucha ndogo. Alipomeza mate, mkwaruzo ulihamia kooni mwake.

Alikohoa mpaka akatapika. Kiganjani mwake ulibaki ukucha wa mtoto mchanga, na hina yake ilikuwa haijakauka.