Balbu ya Wakili

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Wakili alikaa mezani chumbani kwake na kufungua vitabu. Baba yake, fundi rangi, ndiye aliyempachika jina hilo, kwa sababu binti huyo hakubali jambo mpaka alione kwa macho yake. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umekaribia. Jioni hiyo alibonyeza swichi, taa haikuwaka. Alipotazama juu, balbu haikuwepo, na chini yake kilisimama kigoda cha sebuleni.

"Nimeitoa mimi," baba alisema kutoka sebuleni. "Umeme tunaonunua unaisha upesi mno. Utasomea huku."

Huku! Sebuleni mama alikuwa akishona sare za shule, cherehani ikinguruma, na redio ya baba ikitangaza mpira. Hasira zilimpanda Wakili, sauti ikapaa.

"Baba, unanionea! Nitafeli kwa sababu ya balbu moja?"

"Usinipandishie sauti! Nimenunua hadi kijisanduku cha kupunguza umeme, na bado hali ni ileile. Nani mwingine anawasha taa kila jioni?"

Kijisanduku hicho alikinunua kwa mchuuzi mwenye maneno matamu. Kilichomekwa ukutani, kikawaka taa ya kijani, basi. Sasa baba alitaka kuongeza cha pili. Hilo ndilo lililomchoma Wakili zaidi. Alilala amenuna, akaamka amenuna.

Asubuhi hakukuwa na shule. Alimvuta baba hadi kwenye mita, ambako kitaa chekundu hupepesa haraka zaidi kadiri umeme unavyotumika kwa wingi.

"Tuzime kila kitu, kisha tuwashe kimoja kimoja. Kama mwizi ni balbu yangu, sitaidai tena."

"Haya, Wakili, leta ushahidi," baba alisema huku akicheka.

Walirudisha balbu, wakaiwasha. Kitaa kikapepesa mara moja, kikatulia kwa muda mrefu. Baba akaacha kucheka. Waliwasha friji, kitaa kikapepesa haraka. Walipochomeka pasi ya mama, kikapepesa kama kimepagawa. Wakakichomoa kijisanduku na kukichomeka tena. Kitaa hakikubadili mwendo hata kidogo.

"Kumbe nimeuziwa taa ya kijani!" baba alifoka.

Wakili alichukua kipande cha kitambaa cha mama, akakibana kwenye mlango wa friji. Kikaanguka chenyewe. Mpira wa mlango ulikuwa umechakaa, baridi yote ikitoka nje, na friji lenyewe lilisimama ubavuni mwa jiko la moto. Haikuwa ajabu kwamba halikunyamaza mchana kutwa.

"Na mimi nina langu," mama alikiri. "Kila nikimaliza shati moja, naichemsha pasi upya. Lakini nawe, Wakili, hulifungua friji ukasimama kulitazama kama televisheni!"

Wakili alisogea upesi kutoka mbele ya friji.

Siku hiyohiyo baba alinunua mpira mpya wa mlango, kwa bei ndogo kuliko ya kijisanduku, akalisogeza friji mbali na jiko. Mama akaanza kukusanya mashati na kuyapiga pasi yote kwa mara moja. Safari hiyo umeme ulidumu, mpaka baba akawa anakwenda kuitazama mita kwa furaha.

Jioni moja alisimama mlangoni kwa Wakili.

"Bado umenikasirikia?"

"Ndiyo."

"Una haki. Niliitoa balbu kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kuifikia, kupanda kigoda tu. Sikupima, nikalaumu. Kabla ya hapo pia sikupima, nikanunua. Mwanangu, anayetaka kupunguza matumizi atafute kwanza yanapovujia, ndipo atoe pesa yake. La sivyo ataadhibu asiye na kosa. Nisamehe."

Wakili alichonga penseli yake kwanza, maana hasira haina swichi.

"Nimekusamehe," alisema mwishowe, akifungua kitabu. "Lakini kile kigoda ulichopandia kuitoa balbu, kuanzia leo kinalala chumbani kwangu, nikilinde."