Hema Kwenye Njia ya Maji

Kila alfajiri, kabla jua halijaigusa theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, Aikande alikuwa amekwisha kukata mzigo wa majani na kuushusha zizini. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, wa darasa la sita. Nyumbani kwao, juu kidogo ya mji wa Moshi, ng'ombe hawakwenda malishoni. Walilishwa zizini, na malisho yao yalifika juu ya kichwa cha mtu. Kazi ikiisha alinawa, akavaa sare, akateremka shuleni mbio.

"Maziwa haya ndiyo yanayokusomesha," mama yake alizoea kumwambia. "Usiyaonee haya."

Naye hakuyaonea haya, mpaka siku Gladys alipolia kama ng'ombe.

Ilikuwa sikukuu ya wazazi. Aikande alikuwa amechaguliwa kughani shairi mbele ya watu wote. Alipofungua kinywa, Gladys, aliyeketi safu ya mbele, aliona jani moja la malisho limenasa kwenye nywele zake. Akasema kwa sauti nyembamba, "Mooo." Safu ya mbele ikacheka, kisha na ya nyuma yake. Shairi likamtoka Aikande kichwani. Akashuka jukwaani bila kulimaliza, huku mama yake akimtazama, amevaa kitenge chake cha kanisani. Tangu siku ile shuleni hakuitwa tena Aikande. Aliitwa Moo.

Gladys alikuwa binti wa mfanyabiashara. Miaka ile ya tisini milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na baba yake alileta bidhaa kutoka mpakani Tarakea. Kwa hiyo Gladys alivaa viatu vipya wakati wenzake wakichagua vya mitumba. Roho yake haikuwa mbaya kuliko za watoto wengine. Alikuwa na ulimi uliozoea kuchekewa, basi. Lakini Aikande hakutaka kuyajua hayo. Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Kila alipoitwa Moo alinyamaza, akaliweka neno hilo moyoni kama mtu awekavyo kuni akingojea masika.

Mwezi wa Septemba, nchi ikiwa kavu, Mwalimu Salvina aliwapeleka wasichana kumi wa darasa lao kulala kwenye mahema tangu Ijumaa hadi Jumapili. Jumamosi wangekwenda kuliona Ziwa Chala, lililo ndani ya shimo la mlima wa moto wa kale. Tangu utotoni Aikande alikuwa akitamani kuliona ziwa hilo, kwa maana babu yake alikuwa amemsimulia jinsi maji yake yanavyogeuka rangi kutoka buluu kuwa kijani. Na mahali pa kulala palikuwa katika mashamba ya babu huyo huyo, Mzee Eliakim, chini ya Marangu, pale migomba inapopungua na mashamba ya mahindi kuanza.

"Shikamoo, Babu," alisema Aikande walipowasili.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu sana, Mwalimu. Mimi nimeitwa kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa, nitarudi watu wamelala. Lakini msihangaike. Huyu anayajua mashamba yangu kama anavyovijua vidole vyake. Yeye atawachagulia mahali."

Akaenda zake bila wasiwasi, kama mzee aliyeacha nyumba mikononi mwa mtu mwaminifu.

Palikuwa na mahali pawili. Juu palikuwa na kijilima cha mawe, kando ya ua wa masale, mimea ya majani marefu ipandwayo mipakani, penye upepo. Chini yake palikuwa na uwanja tambarare wenye majani mabichi na laini, ingawa nchi yote iliyouzunguka ilikuwa imekauka. Kutoka uwanjani hapo mtu aliona Kibo na Mawenzi upande mmoja, na upande wa pili, mbali bondeni, Ziwa Jipe liking'aa kama bati jipya.

Aikande alijua kwa nini majani yale yalikuwa mabichi. Juu, nyuma ya migomba, palikuwa na nduwa, yaani bwawa dogo ambamo maji ya mfongo, mfereji utokao mlimani, hukusanywa usiku kucha. Alfajiri mwenye zamu hukichomoa kizibo, na maji yote huteremka kwa nguvu kwenda shambani kwake. Zamu ya Jumamosi ilikuwa ya jirani, Mzee Basili. Na maji ya Mzee Basili yalipita juu ya uwanja ule.

"Sisi tunalala pale!" alipaza sauti Gladys, akiukimbilia uwanja. "Moo, wewe na wenzako mkalale kwenye mawe. Si umezoea kulala zizini?"

"Atakosa wa kucheua naye!" alidakia mwingine, na kicheko kikaenea.

Kuni zile alizoziweka Aikande zikashika moto. Lakini usoni alitabasamu.

"Ngojeni kwanza," alisema Mwalimu Salvina. "Aikande, wewe ndiwe mwenyeji wetu. Pale chini ni salama?"

"Ni salama, Mwalimu."

"Hakuna siafu? Hakuna nyoka?"

"Hakuna hata sisimizi, Mwalimu. Watalala kama maharusi."

Wakagawana. Mwalimu na kundi la Aikande walilala kijilimani, kundi la Gladys uwanjani. Aikande alishuka kuwasaidia. Alishika nyundo mwenyewe, akapigilia vigingi vya hema la Gladys kwa bidii kuliko alivyopigilia vya hema lake, na kila pigo lilikuwa tamu mkononi mwake. Akilini alimwona Gladys akilia ndani ya matope. Aliwaona wote wakimcheka. Alijiona mwenyewe amesimama juu ya jiwe, akisema "Mooo" taratibu, kwa kituo.

Jioni, baada ya kula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, Gladys alipanda kijilimani peke yake. Mkononi alikuwa na jani la isale alilolichuma kwenye ule ua wa masale. Kila mtoto wa Kichagga anajua maana yake: mtu akikuletea isale, ameomba radhi, na anayeombwa hana ruhusa ya kulikataa.

"Mama amepata habari za sikukuu ya wazazi juzi tu," Gladys alianza, akiangalia chini. "Akasema nisirudi nyumbani kabla sijakupa hili. Mchana niliona haya mbele ya wenzangu, nikakutania tena. Lakini si kwa sababu ya Mama tu. Nimekosa. Nisamehe, Aikande."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake tangu sikukuu ile.

Aikande alilitazama jani. Kulipokea kulikuwa na maana ya kusema, "Hameni, hapo ni njia ya maji." Kulikuwa na maana ya kuikosa alfajiri aliyoingojea miezi mingi.

"Kawape ng'ombe walile," alisema. "Mimi ni Moo. Ng'ombe hawajui kusamehe."

Gladys akaliweka jani juu ya jiwe, akashuka.

Kulipoanza kupambazuka Aikande aliamka kabla ya wote, kama alivyozoea. Alitoka akakaa juu ya jiwe ili aone vizuri. Alimsikia Mzee Basili akikohoa nyuma ya migomba, akipanda na jembe lake kuelekea nduwani. Moyo wake ukamdunda kwa furaha mbaya.

Kisha nuru ikaongezeka. Jani la isale lilikuwa pale pale ubavuni mwake, limelowa umande. Na chini, mlangoni mwa hema la Gladys, aliona viatu vya raba vimepangwa: jozi tano. Jozi moja ilikuwa ndogo sana. Ilikuwa ya Beatrice, mdogo kuliko wote darasani, ambaye hakuwahi hata siku moja kumwita Moo. Kwa miezi yote ile Aikande alikuwa amemfikiria mtu mmoja tu ndani ya hema lile.

"Mzee Basili!" alipiga ukelele. "Usifungue!"

Maji yakamjibu. Yaliguruma nyuma ya migomba, yakatokea yakiwa na rangi ya udongo, yakisukuma vijiti na matope. Aikande aliteremka mbio, akaanguka, akaamka.

"Tokeni! Maji! Tokeni!"

Wasichana wanne walitoka wakipiga kelele. Maji yakafika magotini, vigingi vya juu vikang'oka, na hema likaanguka. Beatrice alikuwa bado ndani. Aikande alijitupa matopeni, akapapasa chini ya turubai lililolowa, akashika mkono mdogo, akavuta. Vigingi vya chini, alivyovipigilia yeye mwenyewe kwa nguvu, vilikataa kuachia. Gladys akaja kuvuta pamoja naye. Beatrice alitoka akikohoa maji ya matope, midomo ikitetemeka, lakini mzima.

Mwalimu Salvina alifika na blanketi. Wasichana wakamzunguka Aikande.

"Ametuokoa!" alisema Gladys akilia, akamkumbatia. "Nilimtukana, naye ametuokoa!"

Wakampigia makofi. Makofi yale yalimuuma kuliko kicheko cha sikukuu ya wazazi.

Mzee Eliakim alikuwa ameshuka kutoka nyumbani aliposikia kelele. Aliyatazama majani, akalitazama hema, kisha mjukuu wake.

"Aikande, kwa nini majani haya ni mabichi wakati wa kiangazi?"

Angeweza kusema kwamba alisahau. Wote wangemwamini, isipokuwa babu yake.

"Ni njia ya maji, Babu," alijibu. "Nilijua. Mwalimu aliniuliza, nikamdanganya. Nilitaka Gladys aaibike kama nilivyoaibika mimi."

Makofi yalikoma. Aikande akapanda kijilimani, akalichukua lile jani la isale, akaja kumpa Gladys kwa mikono miwili.

Gladys hakulipokea. "Jana ulinijibuje?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa baridi kama yale maji. "Baki nalo. Nitakujibu jioni."

Mwalimu Salvina akatoa hukumu: wenzake wangekwenda Ziwa Chala, na Aikande angebaki kufua. Lori lililowaleta lilipoondoka nao hakulia. Alifua blanketi zote tano pale mferejini, akaondoa matope kwenye hema, akazibua mfereji pamoja na Mzee Basili, na kutwa nzima hakujua atajibiwa nini.

Jioni wasichana walirejea. Gladys alimkuta amesimama kijilimani, karibu na hema lililokauka.

"Leo tunalala wapi?" aliuliza.

"Hapa juu, kwenye mawe."

"Ni salama?"

"Mgongo utakuuma na upepo utakusumbua," alisema Aikande. "Lakini maji hayafiki hapa. Tazama nyasi: ni kavu mpaka mizizini."

Gladys aliinama, akang'oa unyasi mmoja, akaukagua hadi mzizi. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe isale langu," alisema. "Na jina lako ni Aikande. Atakayesahau atanijibu mimi."

Mzee Eliakim alikuwa ameketi hapo kando. Akaweka mbele yao kizibo cha nduwa, gogo zito lililochongwa na kulowa.

"Wanangu, kisasi ni kama nduwa," alisema. "Uchungu hujikusanya usiku kucha, nawe waona ni mali yako. Lakini kizibo kikishachomolewa, maji hayaulizi jina la mtu. Humchukua na Beatrice. Aikande, uliliacha jani juu ya jiwe ukajiona mshindi. Mtu huacha kisasi wakati kizibo bado ki mahali pake. Baada ya hapo hubaki kufua tu."

Usiku ule Gladys alilala juu ya mawe, na akapata usingizi kabla ya wenzake wote.