Samiha Mkalimani

Samiha akirudi shule hana haraka ya kwenda kucheza. Huvua sare, hufua soksi, hula, kisha hukaa kwenye jamvi la uani na kumaliza kazi za mwalimu. Hesabu kwanza, maana ndizo zinazomsumbua. Kazi za shule zikiisha, ndipo huomba simu ya mama yake, akasikiliza masomo ya Kiarabu na kuyarudia kwa sauti huku akinisaidia mimi bibi yake kuchambua mchicha.

Shuleni kwao hapa Pangani hakuna somo hilo. Alilianza mwenyewe alipoingia darasa la sita, kwa kitabu kimoja chakavu na hiyo simu.

"Samiha, mtihani hauna Kiarabu, ujue," mwenzake Leticia alimwambia siku moja walipokuwa wakisoma pamoja hapa uani.

"Najua. Ndiyo maana hesabu nimeshamaliza, na wewe bado unatafuna kalamu."

Tukacheka, na Leticia mwenyewe akacheka.

Sasa, Samiha alikuwa ameshahitimu Kurani chuoni, pale madrasa. Basi sisi watu wazima tukaona huyu Kiarabu amekimaliza. Kusoma Kurani vizuri ni jambo moja, na kuzungumza na Mwarabu ni jambo jingine, lakini nani alilifikiria hilo? Majirani walimsifu, mimi nikamsifu zaidi, naye akanyamaza. Sifa ni tamu.

Likizo ya Juni binti yangu Mastura, aliyeolewa Maskati, alikuja na mwanawe Nasra, hirimu moja na Samiha. Mjukuu huyo nilikuwa sijapata kumwona ila kwenye simu, na Kiswahili chake kilikuwa "shikamoo" tu. Siku ya pili Mastura alitaka kwenda Tanga mjini kumwona wifi yake.

"Mama, mtaelewana na Nasra?" akauliza.

"Nenda salama, mwanangu. Mkalimani tunaye."

Mchana nikapika wali na pweza wa nazi, chakula cha kumkirimu mgeni. Tukakaa watatu kwenye sinia. Nikamsogezea Nasra vipande vinono upande wake. Akavirudisha taratibu, akasema maneno mengi, tena mbio mbio.

"Anasemaje?"

Samiha alitazama wali. "Anasema... anaona haya, Bibi. Mkaribishe tena."

Kwetu mgeni hukataa kidogo kwa haya, nawe humkaribisha mpaka ale. Nikamkaribisha.

"La, la," akasema Nasra, na mengine nyuma yake, mkono kauweka kooni.

"Hiyo la hata mimi naijua," nikasema. "Hayo mengine je?"

"Anasema kizuri, lakini... ameshiba."

"Ameshiba na hajala? Ala!"

Nikachukua kipande kwa mkono wangu, nikampelekea mdomoni kama nilivyokuwa nikimlisha mama yake. Mtoto kalelewa kwa adabu. Machozi yakamlenga, akafungua mdomo.

"Bibi, usimpe!" Samiha akanishika mkono, pweza akaanguka jamvini. "Sijui anasema nini! Anazungumza upesi, na Kiarabu chake si kama cha kwenye simu. Nilikuwa nabuni tu."

Nikampigia Mastura. Kusikia neno pweza tu, akapiga kelele. "Mama, amekula? Pweza humvimbisha koo mpaka pumzi zinabana!"

"Hajala, alhamdulillahi."

Nikamkaangia Nasra mayai, akala kwa raha. Samiha nilimkuta jikoni analia.

"Naacha Kiarabu, Bibi. Sikijui."

"Nani kakwambia uache? Kutojua si kosa. Darasani usipoelewa hesabu, si unanyoosha mkono? Mkalimani amebeba amana, mjukuu wangu. Neno la mtu ukilifahamu, lifikishe. Usipolifahamu, mrudie mwenyewe umuulize. Usitie la kwako. Na sisi tuliokuvika sifa tumekosa pia. Ulipotunyamazia, hatukukuuliza."

Nasra akaingia na sahani yake tupu. Alimwona mwenzake analia, akakaa kando yake. Akaonyesha kikaango kwa kidole na kuinua nyusi.

"Kikaango," akasema Samiha, akijifuta machozi.

"Kikango."

"Ki-kaa-ngo."

Kisha Nasra akakitaja kwa lugha yake, polepole, na sasa ikawa zamu ya Samiha kusahihishwa. Mastura aliporudi jioni aliwakuta wameshauzunguka ua wote, wanabishana juu ya jina la kuku.

Shule zimefunguliwa, na Nasra yuko kwao Maskati. Samiha bado huanza na hesabu, na alama zake hazijashuka. Akimaliza humpelekea Nasra maneno yake kwa sauti kwenye simu, naye Nasra humrudishia. Jana nilimsikia Nasra akisema jambo refu, akataja "Bibi" katikati.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Nusu nimeelewa. Anasema amekukumbuka. Nusu nyingine bado, Bibi. Ngoja nimuulize."

Nikangoja, na moyo wangu mweupe.