Namba ya Gauthier

Asubuhi ile soko la Mzee lilijaa watu kana kwamba corona haijafika Lubumbashi. Syntiche, kitambaa cha manjano kichwani na kikwembe kipya kiunoni, alikuwa akichagua barakoa kwenye meza ya fundi mmoja mrefu mwenye macho ya utani.

“Mama, masque yote hii! Uko na batoto ngapi?”

“Ni za bantu ba nyumba yetu.”

“Na bwana wa nyumba?”

“Hakuna. Kama unataka namba yangu, omba tu wazi.”

Fundi, jina lake Gauthier, akaiomba. Tangu siku hiyo simu haikupoa: chérie, umekula? Chérie, sauti yako leo iko na usingizi.

Lakini Syntiche hakumwambia anakoishi. Alikuwa muuguzi katika nyumba iliyowaficha wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao, na ugonjwa ulipofunga watu majumbani, alihamia humo. Kuutaja mlango ule kungeweza kumuua mtu.

“Minataka kukuja kukuona,” Gauthier alisema.

“Huku hapana.”

“Uko na bwana, sema tu kweli!”

“Siko na bwana. Niko na kiapo.”

“Kiapo gani cha kuficha nyumba?” Akakata simu. Hakupiga tena, na Syntiche, ijapokuwa moyo ulimuuma, hakumbembeleza.

Jioni moja ya mvua aliletwa mwanamke, uso umevimba, anakohoa. Wanawake waliokuwa humo wakarudi nyuma.

“Atatuambukiza wote!”

“Kule nje iko bwana wake,” Syntiche alijibu. “Humu iko chumba yangu. Atalala mule, mi nitalala kwa kiti ya salon.”

Alimwosha majeraha, akampa chai ya tangawizi. Mgonjwa aliitwa Myriam; mumewe alikuwa amemvunjia simu. Akaomba Syntiche ampigie mdogo wake, akaanza kutaja namba, Syntiche akiibonyeza. Kabla hajaimaliza, jina la Gauthier lilishatokea kwenye simu ya Syntiche.

Akapiga. Gauthier aliipokea mara moja. “Syntiche?”

“Dada yako Myriam iko na mimi. Iko muzima. Usiulize ni wapi.”

 Syntiche akasikia mwanaume analia. “Yaya wangu… dada yangu mukubwa… Unisamehe, chérie. Nilikutukana na we uko unachunga bantu.”

“Nimekusamehe. Sasa ongea naye.”

Myriam alipopona, walikutana watatu nje ya parokia ya Katuba. Gauthier alivaa suti ya bluu aliyoishona mwenyewe, imempendeza kweli.

“Syntiche, utakubali kuwa muke wangu?”

“Na kazi yangu?”

“Utaifanya. Nani angepokea yaya wangu?”

Syntiche akamshika mkono mbele ya watu wote waliokuwa wakitoka misa.

“Basi kuja Jumapili, na bazazi bako. Baba atakuuliza kama utanipiga. Usifikiri iko anachezea.”

“Nitamujibu,” Gauthier alisema, na utani wote ulikuwa umemtoka machoni. “Nitamujibu mbele ya Myriam.”