Simaloi na Hesabu za Ng'ombe

Enzi za Mwingereza, kwenye mteremko wa mlima Meru juu ya Elerai, alikaa mtu mmoja jina lake Loserian. Mtu wa migomba na mahindi, na ng'ombe kidogo. Shule hakuipata. Lakini mfereji wa maji aliujua kuliko wote, na ukimwuliza habari za mfereji mtakesha, basi tuuache.

Alikuwa na binti, Simaloi, darasa la nne. Loserian alimwita yeyo, yaani mama, kwa jinsi alivyompenda.

Sasa mtoto huyu akaanza kuumwa tumbo. Tena siku yenye hesabu tu. Uji anakunywa nusu, halafu anashika mlango, hataki kutoka.

"Tumbo tena?" Loserian akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Hilo tumbo lina akili. Linajua ratiba ya shule."

Simaloi hakucheka, naye ni mtoto wa kucheka. Loserian akaona hapa si mchezo.

Na mtihani ulikuwa unakuja. Zamani hizo darasa la nne ndilo lilikuwa mlango. Ukifaulu unaendelea, ukianguka unarudi kulima. Simaloi alitaka kuendelea mpaka alikuwa anaota usingizini. Hesabu ndiyo iliyomzuia mlangoni.

Loserian akamfariji. "Usijali, yeyo. Ukoo wetu hatuna kichwa cha hesabu. Hata mimi sina."

Alidhani amesema neno zuri. Mtoto akazidi kuinama.

Jumamosi moja jioni mwalimu akaja nyumbani. Alikuwa Mwalimu Elizabeth, Mchaga wa Machame, bado mgeni pale.

"Shikamoo, baba Simaloi."

"Marahaba, mwalimu. Kigoda hicho, kaa. Mtoto amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Anasoma vizuri, anaandika vizuri. Nikiandika hesabu ubaoni, anatetemeka mpaka kalamu inamwanguka. Nimekuja kuuliza, sikuja kushtaki."

Wakati huo ng'ombe walikuwa wanaingia zizini. Loserian akawatazama wakipita. "Yule wa baka jeupe bado," akasema. Kweli, akatokea nyuma, anatafuna jani la mgomba wa watu.

Mwalimu akashangaa. "Umejuaje? Kwani wako wangapi?"

Mama yake Loserian, bibi yake Simaloi, akatema mate kidogo pembeni.

"Mwanangu," bibi akasema, "hapa hatuhesabu kitu chenye roho. Si ng'ombe, si watoto. Ukihesabu unaita kifo. Sisi tunawajua kwa sura."

Mwalimu akashika kichwa. "Na mimi kila siku naandika: ng'ombe kumi na wawili, wakafa watano, wamebaki wangapi? Nilisema hawa ni watoto wa wafugaji, niwape wanachokipenda."

Ndipo nyuma ya mlango kukasikika kilio. Loserian akamvuta Simaloi, akampakata, mtoto mkubwa vile.

"Mimi ndiye niliyemwua ndama, baba."

"Ndama yupi?"

"Yule mwekundu. Tulipewa hesabu ya ndama tufanye nyumbani. Nikawahesabu wetu, kwa kidole. Siku ya pili yake akafa."

Loserian akamfuta machozi. Miezi mitatu mtoto kabeba mzigo huo peke yake, na yeye baba mtu anatania tumbo.

"Yeyo, nisikilize," akasema. "Ndama yule alikuwa na ndigana. Tezi zilimvimba hapa chini ya sikio, niliziona wiki nzima kabla hajafa. Kupe ndiye aliyemwua. Na kupe hajui hesabu."

Simaloi akacheka huku kamasi zinamtoka. Loserian akamgeukia mwalimu: "Nami nilimwambia ukoo wetu hatuna kichwa cha hesabu."

"Hofu ikiingia, kichwa kinajifunga," mwalimu akaeleza. "Mtoto anajua, lakini hapati. Ukimfokea, kinafunga zaidi. Na ukimwambia ukoo wenu hauna kichwa cha hesabu, atakuamini, maana wewe ni baba yake. Hakuna ukoo wa namna hiyo."

Loserian akakuna shingo. "Sasa tufanyeje?"

"Mimi ng'ombe nitaacha, desturi yenu naiheshimu. Ninyi mpeni maharage, mahindi, vitu vya kushika. Kidogo kidogo, kila siku. Atumie na vidole, si aibu. Akikosa msimcheke. Mwulizeni, 'Umefikaje hapo?' Akieleza, kosa atalikuta mwenyewe."

Mvua za vuli zikanyesha, baba na binti wakapanda maharage. Mistari sita, kila mstari mashimo saba.

"Mashimo mangapi, yeyo?"

"Arobaini."

"Umefikaje hapo?"

Simaloi akarudi nyuma, anagusa mistari kwa mguu. "Saba, kumi na nne, ishirini na moja, ishirini na nane, thelathini na tano... Baba, ni arobaini na mbili. Niliruka."

Na Loserian jibu hakuwa nalo, bwana. Aliuliza kweli.

Ikawa hivyo kila siku, na tumbo likapona lenyewe. Siku ya mtihani uji aliumaliza wote.

"Palikuwa na swali la mbuzi," akasema aliporudi.

Bibi akashtuka. "Ukafanyaje?"

"Niliwageuza maharage, bibi."

Majina yalipotoka, la Simaloi lilikuwamo. Akaenda zake shule ya bweni. Msimu uliofuata Loserian alipanda peke yake, mistari tisa, kila mstari mashimo saba. Akahesabu, akafika sitini na mbili, akasimama.

"Umefikaje hapo?" akajiuliza kwa sauti. Akarudi mpaka mstari wa kwanza, akaanza upya, bila haraka.