Vipovu vya Kioo cha Nyuma

Kufikia siku ya nne, vipovu vilitakiwa viwe vimekwisha. Mektilda alikuwa amebandika tinti, karatasi za kutia vioo kiza, kwenye magari ya Mbinga kwa miaka kumi na moja, na alijua kwamba vipovu vidogo vya maji huachwa vikaushwe na jua. Mwenye gari huambiwa tu asishushe vioo kwa siku chache. Ndivyo alivyomwambia mdogo wake Pankras, dereva wa Noah ya abiria kati ya Mbinga na Mbamba Bay. Vioo vingine vyote vilikauka vizuri. Cha nyuma kushoto ndicho kilichobaki na vipovu sita, na kila asubuhi vilikuwa vimepanda juu kidogo, kama vya mtu anayepumua chini ya maji.

Mektilda akafunga kitambaa kwenye kipande cha plastiki kigumu, akavisukuma hadi ukingoni. Vikatoka. Alipogeuka kuchukua taulo, vikawa vimerudi vyote sita. Akachukua sindano nyembamba, akatoboa kimoja. Likatoka tone la maji na harufu ya tope na samaki wadogo wa usipa, wabichi, kisha mtu akashusha pumzi sikioni mwake.

Ndani ya gari hamkuwa na mtu.

Alimuuliza Pankras kama alibeba samaki. Pankras akakana, kisha kwa sauti ya chini akakiri kwamba abiria hawaitaki tena siti ya kando ya kioo kile. Mama mmoja wa Ukata alishuka kabla ya kufika, gauni limelowa begani, akisema kuna mtu alimwegemea njia nzima. Mama yule alikuwa amekaa peke yake.

Hapo Mektilda akakumbuka maji. Siku ya kubandika, maji ya bomba yalikatika akiwa amebakiza kioo kile tu cha kulowesha, na Pankras alimpa dumu la maji aliyoyachota ziwani kwa ajili ya rejeta. Alipobanwa aseme aliyachota wapi, alisema ni penye mwamba mmoja upande wa Ngumbo. Wenyeji walimkataza. Alikuwa na haraka.

Kesho yake Lidia, binti wa Pankras mwenye miaka saba, alipanda gari la baba yake kwenda shule, akakimbilia siti ile kwa sababu alipenda kiza cha kioo kipya. Walipofika alikuwa amelala, na hakuamshika. Hospitalini walimpima kila kitu, wasione ugonjwa. Alilala tu, mikono ya baridi, na kila alipotoa pumzi mapovu madogo yalijikusanya midomoni.

Pankras akamfuata Mzee Zabron, mganga wa kule ziwani. Mzee alifika saa nne asubuhi kwenye kibanda cha Mektilda kando ya barabara, akaitikia shikamoo zao, akaweka kiganja juu ya kioo na kukiondoa upesi. Alisema ni jini wa ziwani. Alichotwa ndani ya dumu, akafungiwa kati ya kioo na karatasi ya tinti, na kile kiza kikawa nyumba yake. Sasa anataka mtoto wa kukaa naye. Mzee alijua njia moja tu: gari lipelekwe ufukweni, liachwe huko, na jini aombwe. Mara nyingi hukubali.

"Mara nyingi?" Mektilda akauliza.

Mzee akajifuta kiganja. Pankras alikuwa ameshatoa ufunguo mfukoni, machozi yanamtoka.

"Nyumba nimeijenga mimi," Mektilda alisema polepole. "Nitaibomoa mimi. Siendi kumwomba mtu."

 Mzee Zabron akamwonya afunge milango yote, maana jini akipata upenyo kabla karatasi haijatoka, atakimbilia alipo mtoto. Na Mektilda akiitwa kwa jina, asiitike. Anayeitika huwa amejulikana.

Saa sita, jua likiwa utosini, Mektilda akaingia na wembe wake, akajifungia, akakaa kwenye siti ile ile. Akaingiza wembe pembeni mwa karatasi. Mwanga ukapotea ndani ya gari, ingawa nje alimwona Pankras amesimama juani, na baridi ikaanzia miguuni ikapanda magotini kama maji yanayojaa, na vile vipovu sita vikawa sitini, vikasogeleana katikati ya kioo vikawa shavu, na pua, na mdomo uliokuwa ukifunguka na kujifunga, huku siti ya pembeni yake ikididimia taratibu kwa uzito wa mtu anayekaa, na kichwa kilicholowa kikamwegemea begani, kizito, kinanuka tope, naye akizidi kuivuta karatasi kidogo kidogo kwa vidole vilivyokufa ganzi, akisali Salamu Maria na kuipoteza katikati na kuianza upya, mpaka sauti ikamwita sikioni, sauti ya Lidia kabisa.

"Shangazi Mektilda. Usinitoe."

Alijua anatakiwa kunyamaza. Lakini ile ilikuwa sauti ya mtoto aliyembeba mgongoni tangu akiwa wa wiki mbili, na kusikia jini akiitumia kulimpandisha hasira iliyoufukuza woga wote.

"Nimesikia," akasema. "Mektilda ni mimi. Mtoto si wako, na kioo hiki si chako. Toka."

Akavuta kwa mikono miwili. Karatasi ikabanduka yote, jua likaingia likapiga siti. Kitu kikakoroma kando yake, mlango wa upande wa pili ukafunguka wenyewe, na maji yakamwagika nje kwa kishindo, yakanyweka vumbini kabla hayajafika mtaroni.

Haikupita robo saa, simu ya Pankras ikaita. Alikuwa Notburga, mkewe, akipiga kutoka hospitalini. Lidia ametapika maji, bakuli zima, na anaomba uji. Pankras akakaa chini pale pale barabarani.

Mzee Zabron aliikusanya karatasi, akaichoma. Iliungua kwa shida.

"Ulimwitikia," alisema bila kuinua macho.

"Nilimwitikia, mzee."

"Basi anakujua. Atakutafuta."

Mektilda alikuwa akifuta wembe, vidole vyake bado vimekunjamana kama vya mtu aliyekaa majini kutwa nzima.

"Aje mchana," alisema. "Nipo hapa kila siku isipokuwa Jumapili."