Kiti cha Katikati

Haya yalimpata rafiki yangu Scholastika, mpiga picha wa Nyasura. Aliitwa mtaa wa Nyakato kupiga picha nyumbani kwa Mama Masatu, ambaye mwanawe alipotelea ziwani na hakuonekana tena. Chumba kilikuwa kidogo, na wingu la mvua lilikuwa limeleta giza. Scholastika akafunga kwenye kamera lenzi pana, ile inayoingiza chumba kizima.

"Mama, kaa katikati. Lenzi hii inamvuta sura mtu wa pembeni."

"Basi pembeni nikae mimi." Mama akavuta kiti kitupu cha kamba, akakiweka katikati. "Masatu anapendaga kutoka vizuri. Na picha naye sina hata moja."

Scholastika alimhurumia, hakubisha. Akapiga. Kwenye picha uso wa Mama ulikuwa umerefuka, ukuta umepinda, na kamba za kile kiti kitupu zimebonyea.

"Ni lenzi tu," akajiambia.

Akafunga lenzi ya kawaida, akarudi nyuma hadi uani, akapiga tena kupitia mlangoni. Uso wa Mama ukawa sawa. Ukuta ukanyooka. Kamba zilikuwa bado zimebonyea, na kule ndani gizani zilikuwa zinalia taratibu, kama mtu anapojiweka vizuri kitini.